Pambo la Nyumba ya Vitisho Lililokuwa Maiti ya Kweli: Stori ya Elmer McCurdy

Kila bustani ya michezo ina kona yake ya kupigia picha. Watu wanapanga foleni kwenye fuvu kubwa la mlangoni, wanakumbatia zimwi la plastiki, wanatoa ulimi mbele ya mifupa inayoning'inia, na picha inakuwa imeshapandishwa mtandaoni kabla hata hawajatoka getini. Na kila pambo la namna hiyo lina stori yake. Hakosi mtu kwenye foleni wa kusema: "Unaona lile fuvu? Lile ni la mtu kweli." Wenzake wanacheka, mmoja anaguna, safari inaendelea.

Mara nyingi hiyo ni chai. Wenye bustani hawaikatai, maana stori ya kutisha inauza tiketi kuliko tangazo. Lakini huko Long Beach, California, kulikuwa na pambo moja ambalo hata wenye bustani walikuwa wameshasahau limetoka wapi. Lilikuwa linaning'inia tu gizani, limepakwa rangi, watu wanapita karibu yake wakipiga kelele na kucheka. Kumbe ndilo lililokuwa mtu kweli.

Mkono uliokatika

Desemba 1976, watengenezaji wa tamthilia ya televisheni ya The Six Million Dollar Man walikwenda kupiga picha za kipande kimoja kwenye The Pike, eneo maarufu la burudani ufukweni Long Beach. Walichagua nyumba ya vitisho iliyoitwa Laff in the Dark. Humo mteja anakaa kwenye kigari kidogo, kigari kinapita kwenye njia ya giza, na kila kona kuna kitu cha kumshtua.

Kwenye kona mojawapo kulikuwa na sanamu ya mtu aliyenyongwa, kamba shingoni, mwili mzima umepakwa rangi inayong'aa gizani. Wakati wa kupanga vifaa, mmoja wa mafundi alitaka kuisogeza. Alipoishika, mkono ukakatika.

Hilo peke yake si ajabu, masanamu ya maonyesho huvunjika kila siku. Ajabu ilikuwa ndani ya ule mkono. Hapakuwa na waya wala karatasi iliyogandishwa kwa gundi. Kulikuwa na mfupa, na kuzunguka mfupa kulikuwa na nyama iliyokauka.

Polisi wakaitwa. "Sanamu" ikapelekwa kwenye ofisi ya mchunguzi wa vifo ya Los Angeles, na kesho yake daktari akaanza kuifanyia uchunguzi kama maiti nyingine yoyote. Alikuta mwanaume mzima, amekauka hadi kubaki na kilo 23 hivi. Alikuta alama za kupasuliwa zamani, kwamba huyu mtu alishawahi kufanyiwa uchunguzi wa maiti na kushonwa. Alikuta aseniki mwilini, dawa iliyotumika zamani kuhifadhia maiti. Na alikuta jeraha la risasi kifuani.

Kwa hiyo kilichokuwa kinaning'inia mule ndani ni mtu aliyeuawa. Swali likawa moja: ni nani, na alifikaje pale?

Jibu lilianzia mdomoni. Wataalamu walipofungua taya walikuta sarafu ya senti moja ya mwaka 1924 na vipande vya tiketi za kiingilio. Kimojawapo kilikuwa cha jumba la maonyesho ya uhalifu la mtu aliyeitwa Louis Sonney, lililokuwa Los Angeles. Sonney mwenyewe alikuwa ameshafariki, lakini mwanawe Dan alikuwepo. Alipoulizwa, hakusita. Akasema huyo ni Elmer McCurdy.

Kijana wa Maine

Elmer McCurdy alizaliwa Januari 1880 kwenye mji mdogo wa Washington, jimbo la Maine, kaskazini mashariki kabisa ya Marekani. Mama yake, Sadie, alikuwa binti wa miaka 17 ambaye hakuwa ameolewa. Zama hizo hiyo ilikuwa aibu kubwa kwa familia, kwa hiyo kaka yake Sadie na mkewe wakamchukua mtoto na kumlea kama wao.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka 1890, mjomba alipofariki kwa kifua kikuu. Hapo ndipo Elmer alipoambiwa ukweli: uliyedhani ni shangazi ndiye mama yako, na baba yako hajulikani vizuri. Mtoto wa miaka kumi. Akabadilika, akawa mkorofi, na alipokua kidogo akaanza pombe.

Hata hivyo alijifunza kazi. Babu yake alimweka kwenye ufundi bomba na aliumudu. Kisha uchumi ukayumba, kazi ikapotea. Mwaka 1900 mama yake akafariki, na mwezi mmoja baadaye babu naye akaondoka. Ndani ya wiki chache Elmer akawa hana wa kumwita ndugu wa karibu. Akaondoka Maine, akazunguka akifanya ufundi bomba na kuchimba madini, lakini pombe haikumwacha adumu kwenye kazi.

Mwaka 1907 akajiunga na jeshi. Huko alifundishwa bunduki na akapata mafunzo kidogo ya nitrogliserini, kimiminika kinacholipuka, kilichotumika kubomolea. Novemba 1910 akatoka jeshini. Kwenye hilo neno "kidogo" ndiko maisha yake yalikoharibikia.

Jambazi asiyejua kipimo

Oklahoma ya wakati ule ilikuwa imejaa stori za majambazi wa treni. Elmer akaona hapo ndipo ujuzi wake wa milipuko utamlipa. Tatizo ni kwamba hakujua kipimo.

Machi 1911, yeye na wenzake walisimamisha treni karibu na Lenapah, Oklahoma, wakiwa wamesikia kwamba ndani kuna sefu yenye dola 4,000. Elmer akaweka nitrogliserini. Akazidisha. Mlipuko ukaharibu sefu pamoja na sehemu kubwa ya pesa, na sarafu za fedha zikayeyuka na kugandamana na chuma. Wakaondoka na dola 450 hivi, nyingi zikiwa ni hayo mabonge.

Septemba mwaka huohuo wakahamia benki, huko Chautauqua, Kansas. Walitumia kama saa mbili kubomoa ukuta kwa nyundo. Elmer akalipua mlango wa chumba cha pesa, mlango ukaruka na kuvuruga benki nzima, lakini sefu ya ndani haikuguswa. Jaribio la pili likagoma kuwaka. Wakaokota sarafu za dola 150 hivi zilizokuwa nje ya sefu, wakakimbia.

Oktoba 4, 1911 ndiyo ilikuwa ya mwisho. Safari hii dili lilikuwa kubwa kweli. Kulikuwa na treni iliyosemekana kubeba dola 400,000, malipo ya serikali kwa Taifa la Osage, wenyeji asilia wa eneo lile. Elmer na wenzake wakajificha karibu na Okesa, treni ikatokea, wakaisimamisha. Siyo yenyewe. Walikuwa wamesimamisha treni ya abiria. Walichopata ni dola 46, madumu mawili ya wiski, bastola, koti na saa ya kondakta. Gazeti moja la wakati huo liliandika kwamba ni kati ya wizi mdogo kabisa katika historia ya wizi wa treni.

Elmer akachukua wiski yake akaenda kujificha kwenye banda la majani makavu katika shamba la jamaa mmoja. Alfajiri ya Oktoba 7, askari watatu wakiwa na mbwa wakamkuta. Risasi zikarushiana kwa muda, kisha banda likawa kimya. Alikuwa na miaka 31.

Kwa mtu wa kawaida, stori ingeishia hapo. Kwa Elmer, hapa ndipo umaarufu ulipoanza.

Kufa kufaana

Maiti ilipelekwa Pawhuska, Oklahoma, kwa mtu mmoja wa huduma za mazishi aliyeitwa Joseph Johnson. Johnson akaihifadhi kwa dawa yenye aseniki, akaivalisha, akaipiga picha, kisha akangoja ndugu. Siku zikapita, wiki zikapita, hakuna aliyekuja. Wa kuja angetoka wapi? Mama hayupo, mjomba hayupo, babu hayupo.

Johnson alikuwa na gharama zake za dawa na kazi, na akasema hazikwi mtu mpaka alipwe. Kwa kuwa hakuna wa kulipa, akapata wazo. Akamsimamisha Elmer kwenye kona, akamshikisha bunduki, akaanza kutoza kiingilio cha senti tano. Watu walikuja kweli. Waswahili wana msemo wa kufa kufaana, na Johnson aliuishi neno kwa neno kwa miaka mitano.

Habari zikasambaa na wenye maonyesho ya kuzunguka wakaanza kupiga hodi wakitaka kununua. Johnson alikataa. Mpaka Oktoba 1916, alipotokea mtu aliyejitambulisha kama ndugu wa marehemu kutoka California. Alisema familia imemtafuta sana na sasa inataka kumpumzisha. Kwa ndugu huwezi kukataa maiti, kwa hiyo Johnson akaitoa.

Hakuwa ndugu. Walikuwa ndugu wawili wa familia ya Patterson, mmoja wao akiwa mwenye maonyesho makubwa ya kuzunguka yaliyoitwa Great Patterson Carnival Shows. Mtu pekee aliyewahi kujitokeza na kusema "huyu ni wetu" alikuwa anadanganya ili apate cha kuuzia tiketi.

Kila mwenye duka na stori yake

Kuanzia hapo Elmer akawa mali ya biashara, na kila aliyempata akampachika stori ya kwake.

Akina Patterson walimtembeza kama jambazi ambaye kamwe asingekamatwa akiwa hai. Mwaka 1922 akauzwa kwa Louis Sonney, aliyekuwa na jumba la masanamu ya nta ya wahalifu maarufu. Humo Elmer, maiti halisi, aliwekwa katikati ya masanamu ya majambazi ambao walikuwa na majina makubwa kuliko yake. Mwaka 1928 akazungushwa na maonyesho yaliyofuatana na mashindano ya kukimbia kuvuka Marekani nzima.

Mwaka 1933 akabadilishiwa kazi kabisa. Mtengenezaji filamu Dwain Esper alikuwa na filamu yake ya kuonya kuhusu dawa za kulevya, iliyoitwa Narcotic. Akamchukua Elmer na kumweka kwenye kumbi za sinema, akiwaambia watazamaji kwamba huyu ni teja aliyejiua baada ya kuiba duka la dawa. Ngozi iliyokauka kwa umri ikageuzwa ushahidi wa madhara ya unga. Elmer alikuwa mlevi wa pombe, hilo linajulikana. Teja wa kwenye tangazo alitungwa.

Sonney alipofariki mwaka 1949, Elmer akawekwa stoo. Akatoka kidogo miaka ya 1960 kuonekana kwenye filamu ya She Freak. Mwaka 1968 akauzwa tena pamoja na masanamu mengine ya nta, mara hii kwa mwenye Hollywood Wax Museum. Watu wawili wakampeleka kwenye maonyesho karibu na Mount Rushmore, na huko dhoruba ya upepo ikaondoka na ncha za masikio, vidole vya mikono na vya miguu. Aliporudishwa Hollywood, wakasema hafai kuonyeshwa kwa sababu hafanani na mtu.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Mtu wa kweli alikataliwa kwenye jumba la masanamu kwa kosa la kutofanana na mtu. Kwa kubadilishana mikono, kupakwa nta na kusimuliwa uongo juu ya uongo, habari kwamba huyu alikuwa binadamu ilikuwa imeshadondoka njiani. Aliuzwa kwa mmoja wa wenye The Pike, akapakwa rangi, akafungwa kitanzi, akaning'inizwa. Wateja hawakuwa na kosa. Walilipia kushtuka, wakashtuka, wakatoka nje kwenye jua wakala aiskrimu.

Picha iliyomrudishia jina

Maneno ya Dan Sonney hayakutosha. Ofisi ya mchunguzi wa vifo ilitaka uhakika, na ikamtumia mtaalamu wa mifupa Clyde Snow, mmoja wa wakubwa wa fani hiyo duniani. Snow alichukua picha za eksirei za fuvu, akazilaza juu ya picha ya zamani ya Elmer, iliyopigwa baada ya kifo chake mwaka 1911. Macho yakakaa kwenye macho, taya likakaa kwenye taya. Ni yeye.

Yaani picha ya maiti, iliyotoka kwenye kazi ileile ya Johnson iliyomgeuza Elmer kuwa kivutio, ndiyo iliyosaidia kumtoa kwenye uvitu na kumrudisha kwenye utu.

Simu zikaanza kupigwa kutoka kwa watu waliotaka kuchukua maiti, na baadhi nia zao hazikuwa ngumu kuzikisia. Mwishowe kikundi cha wapenda historia kutoka Oklahoma kikakubaliwa kumchukua, kwa ahadi kwamba atazikwa. Aprili 22, 1977, gari la farasi la zamani lilimbeba mpaka makaburi ya Summit View, mjini Guthrie, Oklahoma. Watu wapatao 300 walifika. Alizikwa kwenye sehemu ya majambazi wa zamani, karibu na Bill Doolin, jambazi ambaye kwa kazi alimzidi mbali.

Kisha likafanyika jambo ambalo halifanywi kwenye mazishi ya kawaida. Kabla ya kufukia, zege lilimwagwa juu ya jeneza. Sababu haikuwa ushirikina. Waliomzika walikuwa wanamfahamu binadamu anayetafuta hela.

Elmer aliishi miaka 31. Aliwekwa juu ya ardhi akiwa maiti kwa miaka 65.

Siyo yeye peke yake

Anayedhani mambo haya yalikuwa ya maonyesho ya uchochoroni tu, aangalie upande wa pili. Mwaka 1967 Disneyland ya California ilifungua Pirates of the Caribbean, safari ya mashua inayopita katikati ya maharamia, mapango na mifupa. Kwa mujibu wa historia za bustani hiyo, wabunifu waliona mifupa ya bandia ya wakati huo haishawishi, kwa hiyo mwanzoni walitumia mifupa halisi ya binadamu kutoka kwenye chuo cha udaktari cha UCLA. Teknolojia ilipokua, ikabadilishwa na ya bandia. Hadi leo mashabiki wanasimuliana kwamba kuna fuvu moja juu ya kitanda cha haramia ambalo halikuondolewa, na kila mwaka watu wanalipiga picha na kubishana.

Ubishi wenyewe ni mtamu, lakini angalia unachobishaniwa: ni feki au siyo feki. Mwenye lile fuvu, kama lilikuwa na mwenyewe, hayumo kabisa kwenye mazungumzo. Alikuwa mwanaume au mwanamke, alikubali au hakuulizwa, kuna wajukuu au hakuna, hiyo siyo sehemu ya stori. Elmer naye alikuwa hivyohivyo mpaka mkono ulipokatika.

Hilo ndilo lililomponza. Hakuwekwa kwenye kitanzi kwa sababu alikuwa jambazi mbaya kuliko wote. Kama ni ujambazi, alikuwa dhaifu, na watu waliofanya makubwa zaidi walizikwa siku chache baada ya kufa. Aliwekwa kwenye kitanzi kwa sababu siku aliyokufa hakukuwa na mtu wa kusimama mlangoni kwa Johnson na kusema "nipe mtu wangu nikamzike". Zikahitajika sarafu moja na vipande vya tiketi, walivyomsokomeza mdomoni watu waliokuja kumcheka, ndipo jina lake likapatikana.

Leo Elmer ana kaburi, na kaburi lina jiwe lenye jina lake. Mwaka 2025 maisha yake yalifika Broadway kwenye mchezo wa muziki unaoitwa Dead Outlaw, kwa hiyo bado anauza tiketi, ila safari hii hayumo yeye mwenyewe jukwaani. Na kaburini kwake Guthrie, wageni bado wanapita, wanasimama pembeni ya jiwe, wanapiga picha.

Haya, wewe je? Kama ungekuwa kwenye kigari kile mwaka 1975, simu ingekuwa mkononi na lile pambo liko juu ya kichwa chako linang'aa, ungeipiga ile picha? Na sasa ukishajua, ungeifuta au ungeiacha?